Je, Wajua? Pampu Inaweza Kudanganya Kipimo cha pH
Maji ya tangi la matumbawe kwa kawaida huwa na pH ya kati ya 7.8 na 8.4. Kihisio kikionyesha 7.5 ghafla, wafugaji wengi hukimbilia kumwaga dawa. Haraka hiyo huweza kuua matumbawe yaliyokuwa mazima!

Kwanza yachotwe maji kikombeni, yapimwe mbali na tangi. Namba ikibadilika, mshukiwa ni umeme unaovuja kutoka kwenye pampu au hita: ncha ya kioo ya kihisio husoma volti ndogo mno, takriban milivolti 59 kwa kila kizio cha pH.

Isipobadilika, kihisio kisahihishwe kwa vimiminika vya pH 7 na 10. Kikiwa sawa, lifunguliwe dirisha. Kabonidayoksaidi iliyojaa chumbani hushusha pH kwelikweli, hasa usiku, mwani usipoifyonza.