Taimingi ya Kamshafti katika Injini ya Tabo: Swali la Istilahi

Fundi wa magari wa Bungoma au Kitale atamkapo neno taimingi, aweza kukusudia mambo mawili yasiyofanana: wakati wa kuwashwa mafuta ndani ya silinda, au wakati wa kufunguka na kufungwa kwa vali. Injini inapofungiwa tabo, hapana budi maana hizo zitenganishwe.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini tabo ina manufaa makubwa katika nchi ya milima. Kitale uko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na shinikizo la hewa huko limepungua kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Injini inayojivutia hewa yenyewe hudhoofika. Tabo, ambayo Alfred Büchi wa Uswisi aliiombea hataza mwaka 1905, hutumia nguvu ya moshi unaotoka kuzungusha gurudumu, nalo huzungusha jingine lisukumalo hewa ndani ya silinda.

Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, na nundu zake ndizo zifunguazo vali. Moshi unapomalizika kutoka, vali ya hewa hufunguka kabla ile ya moshi haijafungwa. Kwa muda mfupi zote mbili huwa wazi. Katika injini ya mashindano isiyo na tabo muda huo hurefushwa, kwa kuwa moshi ukimbiao huivuta hewa mpya nyuma yake. Tabo hugeuza hesabu. Gurudumu lake huuzuia moshi, na shinikizo la moshi laweza kulizidi lile la hewa iingiayo. Hapo moshi hurudi ndani, ukaipasha joto hewa mpya na kuichukulia nafasi. Injini ya petroli huweza kuanza kugonga, hata pistoni ikaharibika. Kwa hiyo kamshafti iliyo fahari ya gari lisilo na tabo aghalabu haifai kuhamishiwa kwenye gari lenye tabo ndogo. Hata hivyo hii si sheria ya kila injini. Katika dizeli kubwa ya lori, shinikizo la hewa likilizidi la moshi, muda uo huo husafisha silinda na kupoza vali.

Je, hali hiyo ya vali mbili kuwa wazi pamoja tuiiteje? Neno lijalo haraka ni kupishana, nami silikubali. Kupishana hudokeza zamu, mmoja atoke ndipo mwingine aingie, na tena hudokeza kuachana. Fundi aambiwaye apunguze kupishana kwa vali aweza, kwa Kiswahili safi kabisa, kuzisogeza nyakati zake zikaribiane, akauzidisha muda uliokusudiwa kufupishwa. Mwingiliano wa vali hauna utata huo.

Neno taimingi tuliachie uwashaji wa mafuta, na kwa vali tuseme majira ya vali. (Toyota Celica Twincam Turbo, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1984, ilibeba kamshafti na tabo katika jina moja, wanaistilahi hawakuombwa ushauri.) Agizo la kurudisha taimingi nyuma litampeleka fundi wa injini ya petroli yenye distribyuta kwenye kifaa hicho, na lile la kupunguza mwingiliano litampeleka kwenye kamshafti.