Asafiri mgonjwa au isafiri damu? Kuchagua vipimo vya saratani kali ya damu ukiwa Kanoni

Damu inapungua kila baada ya kuongezwa, homa inarudi ingawa dawa ya malaria imemalizwa, fizi zinavuja. Dalili hizi zina sababu nyingi, na mojawapo haina subira: lukemia kali ya mailoidi, ambayo madaktari huiita AML. Inaweza kummaliza mtu ndani ya wiki chache. Familia ya Kanoni, wilayani Karagwe, ikifikwa nayo, huamua mambo mawili kwa mkupuo: kipimo gani kilipiwe, na nani asafiri.

Siku hizi kipo kipimo kinachosoma makumi ya jeni kwa pamoja. AML ndiyo saratani ya kwanza ambayo jeni zote za mgonjwa wake zilisomwa, mwaka 2008, huko St. Louis, Marekani. Sifa zake ni za kweli. Hata hivyo, mwenye mfuko mdogo asianze nacho.

Vipimo vyenyewe

*Picha kamili ya damu (FBP), pamoja na damu iliyopakwa kwenye kioo.* Ndiyo rahisi kuliko vyote na hospitali kama Nyakahanga ndipo pa kuanzia. Mashine huhesabu chembe. Jicho kwenye hadubini ndilo linalotambua chembe changa zisizopaswa kuzagaa kwenye damu. Omba vyote viwili.

*Uboho.* Sindano huingizwa kwenye mfupa wa nyonga. Kwa aina nyingi za AML, chembe changa zikifika asilimia 20 jibu limepatikana. Hapa hapakwepeki.

*Kipimo cha jeni moja moja.* PML-RARA, FLT3 na NPM1 hutafutwa kila moja peke yake. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya 2022 inataka majibu ya FLT3 na NPM1 yatoke ndani ya siku 3 hadi 5.

*Paneli ya jeni nyingi.* Ina habari nyingi kuliko vyote, lakini majibu yake kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki.

Bei zikipangwa pamoja

Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, huzilipa maabara takribani dola 8 kwa FBP, 165 kwa FLT3 na 760 kwa paneli ya jeni 5 hadi 50. Dar es Salaam au India utatajiwa bei nyingine. Cha kushika ni uwiano. Fedha ya paneli moja inalipia FLT3 mara nne na chenji inabaki.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: jibu hili litabadilisha dawa gani ninayoweza kuipata? FLT3 hujitokeza kwa takribani wagonjwa 3 kati ya 10, na ina dawa yake, midostaurin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kama dawa hiyo haifikiki, jibu litasaidia kukadiria hatari, lakini halitaongeza kidonge mkononi.

PML-RARA ni habari nyingine. Huonyesha aina ya AML inayoua haraka kwa kutokwa damu, lakini ikiwahiwa kwa ATRA na arseniki, wagonjwa wengi mno hupona kabisa. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Daktari akiishuku, ATRA huanzishwa siku hiyohiyo, bila kungoja majibu ya jeni. Kwa shilingi yako, hakuna kipimo cha jeni chenye faida kubwa kuliko hiki.

Njia tatu

*Mwanza.* Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Rufaa ikipitia Bukoba, kadi ya bima inaendelea kufanya kazi, na ndugu wa kuuguza wanapata namna ya kupokezana.

*Dar es Salaam.* Muhimbili na Ocean Road zina mabingwa wengi zaidi, lakini nauli, chumba na chakula cha muuguzaji kwa miezi ya matibabu vinaweza kuzidi gharama ya paneli.

*Kampala.* Barabara ya lami ya Bugene hadi Kyaka, kama kilomita 60, inakukaribisha mpakani Mutukula, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo Mulago tangu 1967. Ila usivuke ukitegemea kadi ya bima ya NHIF. Jiandae kulipa taslimu.

Mgonjwa asisafirishwe kwa ajili ya paneli peke yake. DNA huvumilia safari: damu au uboho kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau unaweza kupelekwa maabara ya mbali. Kipimo cha kromosomu ndicho kinachotaka chembe hai, hivyo kifanyike karibu na sindano. Vyovyote iwavyo, sampuli itolewe kabla ya dawa ya kwanza, na nyingine ihifadhiwe.

Uamuzi wetu

Mwenye fedha ya kipimo kimoja cha jeni: PML-RARA, kama hadubini imeleta shaka hiyo. Aliye kijana na mwenye nguvu ya kubeba dawa kali: aongeze FLT3, NPM1 na kromosomu. Paneli inamfaa yule ambaye daktari wake anafikiria kumpandikiza uboho, au ana dawa mahususi tayari. Wengine wote, fedha hiyo iende kwenye damu ya kuongezewa, dawa za maambukizi na nauli ya kurudi kliniki.