Bustani ya Heligan

Watoto, ninyi mwajua nanasi. Hapa kwetu laota juani, wala halitaki kazi kubwa. Lakini Uingereza ni nchi ya baridi. Ukilipanda nje, baridi italiua. Basi, watunza bustani wa Heligan walilipataje?

Heligan ni shamba kubwa katika jimbo la Cornwall, karibu na bahari. Jamaa ya Tremayne walilinunua mwaka 1569. Walijenga nyumba kubwa, na baadaye wakaizungushia bustani nyingi.

Kwa ajili ya mananasi yalichimbwa mashimo matatu marefu, yakajengwa kwa matofali. La katikati lilikuwa la mananasi, nalo lilifunikwa kwa vioo. Yale mawili ya kando yalijazwa samadi mbichi, yaani mavi ya farasi. Samadi ikioza hutoa moto. (Tia mkono katika lundo la samadi ya ng'ombe, utasadiki.) Joto lile lilipenya katika matundu ya ukuta, likapasha hewa ya katikati. Samadi ilipopoa ilitolewa, ikatiwa nyingine. Hivyo walingoja hata miaka miwili na zaidi. Kazi nyingi kwa tunda moja! Tena mlaji wake ni bwana, si mtunza bustani.

Kabla ya vita vya 1914 watunza bustani walikuwa 22. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule Uingereza iliingia vitani. Wafanyakazi wakaandika majina yao kwa kalamu ya risasi katika ukuta wa choo chao, chumba kidogo tu bustanini. Wengi wakaenda vitani, na wengine wao waliuawa huko. Nyumba ikawa mahali pa kuuguzia maaskari; baadaye ilipangishwa watu wengine. Na bustani je? Mikono ilikosekana. Miiba ilifunika njia, miti ikaangukia vioo, hata watu wakasahau kwamba palikuwa na bustani.

Mwaka 1990 John Willis, mtu wa jamaa ile ile, aliingia humo pamoja na mwenzake Tim Smit. Walikata miiba ili wapate kupita. Ndipo kilipoonekana kile chumba kidogo, na majina ukutani yasomeka bado.

Wakaanza kazi ya kufyeka na kujenga upya. Mwaka 1997 nanasi liliiva tena katika shimo lile la zamani, kwa samadi ya farasi kama kwanza.