Haki za Mtu na Haki za Raia

Wasomaji wetu wa Urambo hawana haja ya kuelezwa habari za wageni. Zamani za misafara ya Tabora na Ujiji, mgeni aliyepita katika nchi ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, hutoa hongo ndipo apewe njia. Usalama wake ulikuwa katika radhi ya mwenye nchi. Siku hizi sivyo. Lakini wengi huuliza, Mgeni ana haki gani, na raia ana haki gani? Twapenda kulieleza jambo hili.

Haki ni za namna mbili. Kwanza ni haki za mtu kwa kuwa ni mtu: kuishi, kutoteswa, na kusikilizwa anaposhtakiwa. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, nazo ni za kila mtu, si za raia peke yake. Pili ni haki za raia: kupiga kura, kuchaguliwa, na kukaa popote nchini.

Mfano wake u karibu nasi. Mwaka 1972 maelfu ya watu waliyakimbia mauaji ya Burundi. Wengi waliwekwa Ulyankulu, palipokuwa katika Wilaya ya Urambo kabla ya Kaliua kuwa wilaya mwaka 2012. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa watoto. Watoto hao hawakupata kuiona Burundi, na hata hivyo walihesabiwa kuwa wakimbizi, na kutoka katika makazi kulitaka kibali.

Mwaka 2007 waliulizwa shauri lao, na yapata wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 Serikali iliwakubali zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wawe raia, nao wauache uraia wa Burundi. Lakini hati zilikawia, maana kwanza walitakiwa kuhamia mikoa mingine. Sharti hilo liliachwa, na hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014.

Basi fikirini hali ya mtu katika miaka ile minne. Nchi ya kwanza ameiacha, na ya pili hana karatasi ya kuionyesha. Utu wake haukupungua hata kidogo. Lakini akinyang'anywa shamba, au akizuiwa njiani, ni nani atakayesema, Huyu ni wetu? Ndiyo sababu Tangazo la Umoja wa Mataifa la tarehe 10 Desemba 1948 lilihesabu uraia wenyewe kuwa haki ya kila mtu. Uraia hauzai haki za mtu. Ni boma la kuzilinda.

Kwa hiyo, wakuu wa vijiji na waalimu, mtu akileta mashtaka ya kuonewa, msianze kwa kumwuliza hati, sikilizeni kwanza. Na aliyekwisha kupata hati asiitwe tena mkimbizi. Wazee walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walilishika jembe miaka 42 kabla ya kupewa hati.