Mahubiri na Mawaidha Katika Nchi ya Meru na Embu

Neno mahubiri lina shina moja la Kiarabu na neno habari, kwa hiyo maana yake ya asili ni kutangaza jambo ili lisikike na wengi. Mawaidha hutokana na waadhi, yaani nasaha na maonyo yanayokusudiwa kumlainisha moyo anayeyasikia. Waislamu wa mjini Meru huitunza tofauti hii, kwani hotuba ya Ijumaa, ambayo ni sehemu ya ibada yenyewe, haichanganywi na mawaidha yatolewayo baada ya swala.

Kwa Wakristo, ambao ndio wengi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamethodisti walipofungua misheni yao Kaaga mwaka 1912, na Wapresbiteri yao Chogoria mwaka 1922, ibada ziliendeshwa zaidi kwa lugha za wenyeji. Waembu walisoma kwa miaka mingi Biblia ya Kigikuyu, ambamo kuhubiri ni kũhunjia. Kiswahili kilishika nafasi katika makanisa ya mijini, walikokutana watu wa makabila mbalimbali, na neno lililotangulia mimbarani likawa mahubiri.

Hivyo katika ratiba ya mazishi, iwe Maua au Runyenjes, husomwa wasifu wa marehemu, hufuata salamu za rambirambi, kisha mahubiri kabla ya mwili kuteremshwa kaburini. Mzee wa ukoo anayesimama kuwaasa watoto wa marehemu wasigombanie shamba huandikwa miongoni mwa watoa salamu, ilhali anayoyasema ni mawaidha hasa, na pengine ndiyo yatakayokumbukwa siku mipaka ya shamba itakapopimwa.

Uzito wa neno mawaidha huonekana wazi zaidi mwishoni mwa mwaka, shule zinapofungwa na wavulana waliotahiriwa kukaa faraghani wakiuguza vidonda, ambapo huwajia wazee, na siku hizi walimu wa makanisa pia, kuwafunza adabu, kazi na heshima kwa mama zao. Mhubiri aweza kusema na umati asioujua. Mwenye kutoa mawaidha hana budi kumjua kijana, kumwita kwa jina na kumsubiri aulize. Kuyaita mafunzo hayo mahubiri ni kuyapunguza, na kijana anayehubiriwa tu hunyamaza bila kukubali.

Waandishi wa ratiba za mazishi wa Meru na Embu wanaombwa waongeze mstari mmoja wa mawaidha, na kando yake waandike jina la mzee wa ukoo.