Kamlingoti ka juu ya paa kanakompangia refa muda

Dakika ya 86. Chelsea wapo mbele 1-0 kwa friikiki ya Reece James, mashabiki wa Benfica wameshaanza kukata tamaa. Ghafla refa anapuliza filimbi na kuwaamuru wote warudi vyumbani. Hakuna aliyeumia, hakuna vurugu jukwaani, wala hakuna VAR.

Ilikuwa Juni 28, 2025, Kombe la Dunia la Klabu, jijini Charlotte, Marekani. Wachezaji waliporudi, karibu saa mbili nzima zilikuwa zimekatika. Angel Di Maria akasawazisha kwa penalti dakika za majeruhi, mtanange ukaenda muda wa ziada, Chelsea wakashinda 4-1. Kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho zilipita zaidi ya saa nne na nusu. Kocha Enzo Maresca alitoka amekasirika, akisema ule haukuwa mpira.

Waafrika yalishawakuta mapema kwenye mashindano hayohayo. Juni 17 kule Orlando, Mamelodi Sundowns walisubiri zaidi ya saa moja kabla ya kucheza na Ulsan ya Korea Kusini. Walipoanza, Iqraam Rayners akafunga bao pekee.

Aliyesimamisha mechi zile, ukitaka ukweli, siyo refa. Ni mitambo ya hali ya hewa. Utaratibu wanaoufuata Marekani ni kwamba radi ikipiga ndani ya kilomita 16 hivi kutoka uwanjani, kazi inasimama kwa dakika 30. Ikipiga nyingine dakika ya 29, saa inaanza upya. Ndiyo maana pale Charlotte watu walikaa wee.

Viwanja vikubwa na majengo marefu siku hizi huwekewa kituo kamili cha hali ya hewa juu ya paa. Ukikiona unaweza kudhani ni antena ya king'amuzi. Pale juu kuna kipima upepo, kipimajoto, kipima unyevu wa hewa, kikopo cha kupimia mvua na kifaa cha kupima nguvu ya jua. Vingine vina kihisi kinachonasa mawimbi ya umeme wa radi kabla mtu hajasikia ngurumo. Taarifa zote zinashuka kwenye kompyuta chumba cha chini kila baada ya sekunde chache.

Kazi yake haiishii kwenye radi. Viwanja vyenye paa la kufunga na kufungua haviligusi paa kama upepo umezidi kipimo. Watunza nyasi nao wanaangalia joto, unyevu na mwanga ndiyo waamue kumwagilia au kuwasha zile taa kubwa za kuoteshea majani. Hata uwanja ukiwa bado unajengwa, winchi ndefu huwa na kipima upepo kule juu, kikilia kazi inasimama.

Kwenye magari ni vilevile. Gari la matangazo ya televisheni linaloinua mlingoti linahitaji kujua upepo wa palepale lilipoegeshwa, siyo wa uwanja wa ndege. Magari ya zimamoto ya wenzetu hubeba kituo kidogo ili wajue moshi au gesi vinaelekea wapi, wasiwahamishie watu upande mbaya.

Upepo nao unaahirisha dabi. Desemba 7, 2024, Everton na Liverpool hawakucheza Goodison Park kwa sababu ya kimbunga Darragh. Nyasi zilikuwa na tatizo gani? Hakuna. Waliogopa usalama wa mashabiki ndani na nje ya uwanja. Mechi ikachezwa Februari 12, 2025, James Tarkowski akasawazisha dakika ya 98 na ubao ukasoma 2-2. Bila upepo ule, Everton wasingekuwa na usiku ule.

Kisha kuna joto, na hapa ndipo panapotuuma sisi. Kipimo kinachotumika kwenye soka hakiangalii nyuzi pekee, kinachanganya joto, unyevu, upepo na jua kali. Brazil mwaka 2014 FIFA iliweka mapumziko ya maji pale kipimo hicho kikizidi 32. Kule Fortaleza, Louis van Gaal aliitumia ile nafasi kubadili mfumo Uholanzi ikiwa nyuma 1-0 dhidi ya Mexico. Sneijder akafunga, Huntelaar akamaliza kwa penalti. Mexico hadi leo hawajasahau.

Na Januari 12, 2022 kule Limbe, Cameroon, refa Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha mpira, akamaliza tena kabla ya dakika ya 90. Watu walimtukana sana. Baadaye ikajulikana alikuwa amezidiwa na joto na akapelekwa hospitali. Hewa ya Limbe ni kama ya Dar es Salaam Februari: jasho linatoka lakini halikauki, mwili haupoi.

Radi haina utani. Februari 2024 mchezaji mmoja aliuawa na radi uwanjani Bandung, Indonesia. Novemba mwaka huohuo ikawa Chilca, Peru, na pale refa alikuwa ameshasimamisha mechi, wachezaji wanatembea kutoka nje.

Kwenye viwanja vya ndondo mitambo hiyo haipo, lakini hesabu ipo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawa kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, yaani ungekuwa Charlotte wangeshakutoa zamani. Usikimbilie mwembe. Ingia ndani ya nyumba, au ndani ya daladala na ufunge vioo, kwa kuwa bodi ya chuma hupitisha umeme nje yako. Bajaji haikusaidii.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za Afrika zinazopigwa radi sana. Wenye tiketi za Kampala wawaage nyumbani kabisa kwamba huenda wakachelewa kurudi.