DENTI, HUO WASTANI NI WA NANI?

Mnaokula nondo za biashara, hii ni yenu! Madenti wengi huogopa takwimu kama uchawi. Lakini jina la Sumbawanga lenyewe, husemwa, maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe.

Nilimpa swali denti mmoja hapa mjini. Tuseme wakulima watano wa Ufipa wameuza mahindi, kila mmoja gunia moja: sh. 50,000, 52,000, 53,000, 55,000 na 90,000. Wastani ngapi? Akajumlisha, akapata 300,000, akagawa kwa 5.

"Elfu sitini, braza!"

Safi, vema kubwa. Nikamwongezea: wangapi wamefikisha hiyo sitini? Kimya. Ni mmoja tu, yule wa 90,000! Ndiye kauvuta wastani juu. Ukizipanga bei, ya katikati ni 53,000, na hiyo ndiyo ya muuzaji wa kawaida. Si kwamba wastani hauna kazi: ukitaka jumla ya mapato, zidisha wastani kwa magunia.

Sasa denti huyo amalize chuo, akope mtaji, anunue kwa 57,000 akitegemea kuuza 60,000. Jamani, si mtaji umekatika?

Walimu wetu, msiishie kuuliza fomula. Hiyo hata kikokotoo kinaijua. Mpeni denti bei za Laela, Matai na Sumbawanga mjini, achague wastani au namba ya katikati, kisha aseme kwa nini. Akishindwa kumwelewesha mama muuza mahindi, ujue hata yeye hajaelewa.